KUTUNZA ARDHI SI KAZI YA SIKU MOJA
Fundisho la Manchira na Serengeti ya Magharibi

Kwa miaka mingi tarehe 1 Januari ilikuwa Siku ya Taifa ya Kupanda Miti. Mwaka ulifunguliwa kwa jembe na mche: viongozi walitangulia, wanafunzi wakafuata na ndoo za maji, hotuba ikasomwa, na taarifa ikapelekwa wilayani ikitaja idadi ya miti iliyopandwa. Baadaye siku hiyo ikahamishiwa tarehe 1 Aprili. Wengi walilipokea badiliko hilo kama jambo la kalenda. Mimi nadai kwamba ni jambo la siasa, na kwamba tusipolichambua kisiasa tutaendelea kuhamisha tarehe huku miche inakauka.

Tuutazame mkoa wa Mara. Mvua za vuli huanza Oktoba na kwisha Desemba. Masika hushika Machi na kuendelea hadi Mei. Kati ya vuli na masika mvua hupungua na jua hukaza, na Januari imo humo. Mkulima wa Serengeti hahitaji kufundishwa jambo hilo. Kama angeulizwa, angesema kwamba mche unaotiwa ardhini siku ya Mwaka Mpya unatiwa wakati maji yanaondoka. Swali la kwanza la makala hii, basi, ni kwa nini sisi makada, ambao kazi yetu ni kuwasikiliza wananchi, tulizoea kupanda kabla ya kuuliza.

Nasema "sisi" kwa sababu nami nimo. Mwanzoni mwa mwaka mmoja, nikiwa mkufunzi kijana, nilipelekwa katika kijiji kimoja cha Serengeti kuendesha semina ya viongozi wa mashina, na siku ya pili tukapanda miti kando ya uwanja wa shule. Mama mmoja mzee aliyekuwa amebeba ndoo alinisogelea akaniuliza: "Mwalimu, miti hii ni ya nani?" Nilimjibu haraka kwamba ni ya Taifa zima. Alinitazama, akamwaga maji yake, akaondoka. Nilirudi hapo mwezi wa Machi. Iliyobaki ingehesabika kwa vidole vya mikono miwili. Mingine ilikuwa imeliwa na mbuzi, mingine mchwa, mingine jua. Katika taarifa yetu ya Januari miti yote ilikuwa hai.

Manchira ni kata ya wilaya ya Serengeti, jirani na mji wa Mugumu. Jina hilo watu wa mbali wanalijua kwa ajili ya bwawa la Manchira, ambalo ndilo linaloupatia maji mji wa Mugumu. Bwawa ni mwalimu mzuri wa siasa kwa sababu halisikilizi hotuba. Udongo wa juu ukikosa nyasi na mizizi ya kuushika, mvua ya kwanza huukokota hadi bwawani. Tope hukaa chini, kina hupungua, na maji yanayobaki huwa machafu zaidi na ghali zaidi kuyasafisha. Mwananchi wa mjini anayefungua bomba anategemea jinsi mwananchi wa kijijini alivyolima, alivyochunga na alivyokata kuni. Hapo ndipo afya ya jamii na afya ya ardhi zinapokuwa jambo moja. Swali la mama yule ndilo swali la bwawa zima: ni la nani, na nani ana sauti juu yake? Ili kulijibu hatuna budi kurudi nyuma.

Zamani kabla ya mipaka

Kasumba ya kikoloni ilitufundisha kwamba Serengeti ilikuwa pori tupu lisilo na watu, na kwamba wenyeji wa kando yake walikuwa waharibifu waliozuiwa na sheria za wageni. Historia haikubali hivyo. Waikoma, Wanata, Waishenyi, Wangoreme na Wakurya waliishi katika Serengeti ya magharibi na kaskazini wakilima mtama na ulezi, wakifuga, na wakiwinda kwa majira. Kila kabila lilikuwa na mahali patakatifu, emisambwa, ambapo pengi palikuwa chemchemi, vilima na vichaka vya miti mikubwa. Kukata mti hapo kulikuwa ni kosa kwa jamii nzima, wala halikuwa la mtu mmoja na mizimu yake tu. Kwa Wazanaki, jirani zao wa magharibi, msitu wa Muhunda pale Butiama umesimama hadi leo kwa sababu hiyo hiyo.

Tusifanye kosa la kuipamba zamani. Watu wale hawakuwa na elimu ya leo, walikuwa na vita vyao, na wanawake hawakuwa na nafasi sawa katika maamuzi. Lakini walikuwa na kitu ambacho kwetu sisi wanafunzi wa siasa ni cha maana kuliko imani zao: walikuwa na mamlaka iliyopangwa. Miongoni mwa Waikoma, Wanata na Waishenyi, rika, yaani saiga, ndilo lililokuwa na wajibu wa kuilinda nchi, na marika hayo yalipokezana kwa mizunguko yenye majina, Bongirate, Busaai na Rumarancha. Miongoni mwa Wakurya mambo ya jumuiya yaliletwa katika mkutano wa hadhara, iritongo, huku baraza la wazee, inchama, likiwa na siri na uzito wake. Nyasi zilichomwa kwa wakati wake, na majani mapya yaliyochipua yaliwavuta wanyama huku kupe na mbung'o wakipungua. Mashamba yaliachwa yapumzike. Haya hayakufanyika kwa sababu kila mtu alikuwa mwema. Yalifanyika kwa sababu aliyevunja utaratibu alijua ataulizwa na nani.

Sotoka ndiyo iliyolipiga pigo kubwa la kwanza. Ugonjwa huo ulipoingia Afrika ya Mashariki karibu na mwaka 1890 uliua ng'ombe, na pia nyumbu na nyati. Njaa ikafuata. Palipokosa mifugo na watu, vichaka vilitanda, na mbung'o wakafuata vichaka. Wazungu wa kwanza waliofika baada ya hapo waliona nyika yenye vichaka na watu wachache, wakaandika kwamba ndiyo hali yake ya asili tangu kuumbwa. Walikuwa wanaitazama nchi iliyotoka msibani.

Wajerumani walijenga ngome yao Ikoma. Waingereza waliochukua nchi baada ya Vita Kuu ya Kwanza walitangaza sehemu ya Serengeti kuwa hifadhi ya wanyama mwaka 1929, na mwaka 1951 Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ikapewa mipaka yake. Mwaka 1959 Ngorongoro ilitengwa, na Wamasai waliokuwa wakiishi ndani ya hifadhi wakatakiwa kuhamia huko. Kwa wenyeji wa magharibi maana ya mipaka ilikuwa nyepesi kuieleza: kitendo kile kile kilipata majina mawili. Mzungu mwenye fedha za leseni aliitwa mwindaji. Mwikoma mwenye upinde aliitwa jangili. Huu ni mfano safi wa sheria ya kitabaka, na hauhitaji maelezo marefu.

Lililo kubwa zaidi ni kile kilichotokea vichwani mwa watu. Mamlaka ya kutunza iliondolewa kijijini ikapelekwa kwa askari wa hifadhi. Mwananchi aliyekuwa mlinzi akafanywa mshitakiwa, na mtu aliyefanywa mshitakiwa kwa muda mrefu hatimaye huacha kufikiri kama mlinzi.

Baada ya Uhuru

Mwezi Septemba 1961, miezi michache kabla ya Uhuru, Mwalimu Nyerere alitoa pale Arusha tamko la kuahidi kwamba serikali ya Waafrika ingewahifadhi wanyamapori. Ahadi hiyo imetimizwa kwa kiasi ambacho nchi nyingi tajiri hazikufikia. Yafaa pia ieleweke kwamba wafugaji walichangia mafanikio hayo bila kusifiwa. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ng'ombe wa vijiji vinavyoizunguka Serengeti walichanjwa dhidi ya sotoka. Ugonjwa ulipokatika kwa ng'ombe, ulikatika kwa nyumbu pia. Nyumbu waliokuwa yapata 250,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960 walifikia yapata milioni 1.3 mwishoni mwa miaka ya 1970. Watalii wanaopiga picha msafara ule hawaambiwi kwamba ulianzia katika mazizi ya wanakijiji. Na ushahidi wa upande wa pili upo: mwaka 1994 ugonjwa wa mbwa uliingia kwa simba wa Serengeti ukaua yapata theluthi moja yao. Afya ya mbwa wa kijijini ikawa afya ya simba. Mpaka uliochorwa kwenye ramani hauvizuii virusi.

Azimio la Arusha la 1967 liliiweka ardhi miongoni mwa mambo manne ya msingi ya maendeleo, pamoja na watu, siasa safi na uongozi bora. Mwongozo wa TANU wa 1971 ulikwenda mbele zaidi. Ulifundisha kwamba jambo linalowaongezea watu uwezo wa kuamua mambo yao wenyewe ndilo la maendeleo, na kwamba lile linalowapunguzia uwezo huo si la maendeleo hata likiwaletea neema kidogo. Nimefundisha kifungu hicho kwa miaka mingi. Nakiri kwamba nilichelewa kuona kwamba kinahusu pia miti.

Kwa maana miaka miwili baadaye tulikipima kifungu hicho kwa vitendo. Tarehe 6 Novemba 1973 Mwalimu alitangaza kwamba kuishi vijijini kulikuwa sasa ni amri, na kwamba kazi iwe imekwisha kufikia mwisho wa 1976. Katika mkoa wa Mara Operesheni Vijiji ilitekelezwa mwaka 1974. Kufikia 1977 watu yapata milioni 13 walikuwa wakiishi katika vijiji zaidi ya 7,000 nchini kote. Hakuna harakati kubwa kuliko hiyo katika historia ya nchi yetu, na wanaoibeza kwa sentensi moja hawajapata kutembea mchana kutwa kutafuta zahanati. Shule zilijengwa. Visima vilichimbwa. Azimio la Musoma la mwezi Novemba 1974, lililopitishwa katika mkoa huu huu, liliamua kwamba elimu ya msingi iwafikie watoto wote ifikapo 1977, na lisingewezekana kama watoto wangebaki wametawanyika vilimani.

Lakini mwanafunzi wa historia lazima ajifunze kushika mambo mawili kwa mikono miwili. Kwa mkono wa pili: mahali pengi watu walihamishwa kwa haraka, nyumba nyingine zikichomwa ili wenyewe wasirudi, na mahali pa kuwaweka pakachaguliwa kwa kutazama barabara. Udongo na maji havikutazamwa sana. Shamba lililokuwa linapumzika miaka kadhaa halikuweza kupumzika tena, kwani jirani alikuwa hatua chache na hapakuwa na la akiba. Kuni zilizokuwa karibu zilikwisha, na duara la kuokota kuni likapanuka kila mwaka. Mzigo wa upanuzi huo uliwekwa juu ya vichwa vya wanawake. Mifugo ilikanyaga njia zile zile kwenda kisima kile kile mpaka njia zikawa makorongo. Na mashariki, karibu na mpaka wa hifadhi, makao yaliyoachwa wazi yakarudi kuwa pori.

Hata hivyo kuni na makorongo si kiini cha kosa. Kiini ni mamlaka. Sheria ya Vijiji ya 1975 iliunda halmashauri za vijiji, na huo ulikuwa uamuzi sahihi kabisa kwa nadharia. Katika vitendo, halmashauri nyingi zilianza kazi zikiwa zimezoea kupokea maagizo: ekari kadhaa za pamba, ekari kadhaa za mtama, katika kampeni ya kilimo cha kufa na kupona. Wakati huo huo wazee wa rika na wa iritongo walikwisha ambiwa kwamba mambo yao ni ya kizamani. Chemchemi iliyokuwa mahali patakatifu iliachwa bila mzee wa kuilinda, na halmashauri haikuwa imejua bado kwamba ulinzi huo umekuwa wake. Pengo hilo la mamlaka ndilo lililokata miti. Shoka lilikuwapo tangu zamani.

Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 bunduki ziliingia katika wizi wa mifugo wa Mara, na katika miaka ya 1980 vijiji vingi vya Serengeti vilipoteza ng'ombe kwa wingi. Kaya iliyopoteza maksai ilirudi kwenye jembe la mkono; iliyokosa maziwa na fedha ya ng'ombe ilitazama pori. Ndipo ikaja operesheni nyingine, Operesheni Uhai ya 1989, ya kupambana na ujangili. Mwaka 1994 mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti yalitangazwa. Na mwaka 2013 ikaja Operesheni Tokomeza, ambayo Bunge lenyewe lilishuhudia kwamba ilivunja haki za wananchi, ikasimamishwa, na mawaziri wanne wakapoteza nyadhifa. Tembo wanastahili kulindwa, na jangili wa pembe si mnyonge, ni wakala wa mabepari wa mbali. Ninachosema ni kwamba neno "operesheni" limekuwa jepesi mno kinywani mwetu. Daktari hufanya operesheni mgonjwa akiwa amelala usingizi wa dawa. Mwananchi hafai kuendeshewa siasa katika hali hiyo.

Njia nyingine ilikuwapo

Msomaji anaweza kuuliza: je, kulikuwa na njia nyingine, au huu ni werevu wa baada ya safari? Ilikuwapo, na Chama chenyewe kiliipitia. Mwaka 1973, mwaka ule ule wa tangazo la vijiji, kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima yapata milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio. Kikundi kilisikiliza, kilisoma kitabu, kilijadili, kisha kiliamua chenyewe kitafanya nini: kufukia madimbwi, kuchimba choo, kufyeka nyasi kuzunguka nyumba. Vyoo vilichimbwa kwa wingi ambao haujapata kuonekana. Tofauti na Januari yetu ni ndogo kwa maneno na kubwa kwa matokeo: mjadala ulitangulia jembe.

Mfano wa pili uko kusini ya Serengeti, katika Shinyanga, kwa Wasukuma, majirani ambao nao walipitia Operesheni Vijiji. Wao walikuwa na ngitili, yaani eneo la nyasi na miti linalofungwa masika ili liwe akiba ya malisho wakati wa kiangazi. Serikali ya kikoloni ilifyeka vichaka vya Shinyanga kwa maeneo makubwa ili kuua mbung'o. Pamba ikachukua ardhi nyingine. Na watu walipohamishiwa vijijini, ngitili zilibaki nyuma bila wenyewe. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 watu walikuwa wakiiita Shinyanga jangwa. Mwaka 1986 mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulianzishwa. Hapo mwanzo ulifanya kama tulivyozoea: vitalu, miche ya miti ya kigeni, na maagizo. Miche mingi haikufika mbali.

Kilichouokoa mradi ni kwamba watumishi wake walikubali kufundishwa. Walipokaa na wafugaji, walikuta kwamba wakulima walikwisha kuwa na jibu, na kwamba jibu hilo halikuhitaji hata kupanda. Ardhi ya Shinyanga ilikuwa na visiki hai na mbegu chini ya udongo. Ilihitaji kufungwa tu, na aliyejua kuifunga alikuwapo. Ngitili zilizokuwa zimeorodheshwa mwaka 1986 zilikuwa yapata hekta 600. Miaka 15 baadaye zilikuwa zinahesabiwa kwa makumi ya maelfu ya hekta katika vijiji vilivyopimwa peke yake, na makadirio ya mkoa mzima yalizidi hekta 300,000. Kuni zilisogea karibu na nyumba. Nyasi za kuezekea, dawa, asali na matunda vilirudi. Mwaka 2002 mradi ulipewa tuzo ya kimataifa. Ngitili zilipewa ulinzi wa dagashida, mkutano wa hadhara wa Wasukuma, na wa sungusungu, pamoja na sheria ndogo za halmashauri za vijiji. Mamlaka ya zamani na mamlaka mpya zilikaa kwenye benchi moja, na pengo likazibwa.

Tusiitukuze Shinyanga kupita kiasi. Baadhi ya ngitili zilikuwa za watu binafsi wenye ng'ombe wengi, na maskini asiye na ng'ombe alifaidi kidogo. Baadhi ziliuzwa au kukodishwa kwa mwenye nacho. Tabaka haliishi kwa sababu miti imeota. Lakini hoja yangu inasimama: miti ile ilikuwa na wenyewe.

Januari katika Manchira

Nguvu ya kufanya hivyo katika Serengeti ipo kisheria leo kuliko wakati wowote. Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1982 inaipa halmashauri ya kijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaipa usimamizi wa ardhi ya kijiji. Sheria ya Misitu ya 2002 inaruhusu kijiji kutenga msitu wake. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 za chanzo cha maji. Vijiji vitano vya wilaya hii, Robanda, Nyichoka, Park Nyigoti, Nata Mbiso na Makundusi, vimeungana katika Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori ya Ikona ili mapato ya utalii yafike kwao. Kila moja ya hizi ni silaha. Silaha inayokaa kabatini kwa mtendaji, ndani ya bahasha, haimlindi mtu.

Na hapa ndipo mwanzo wa mwaka unaporudi kwenye mjadala wetu. Januari katika kijiji cha Serengeti si mwezi wa sherehe. Ni mwezi wa daftari, sare na viatu. Ada ya shule za msingi na sekondari za serikali imeondolewa, na hilo ni jambo kubwa, lakini mtoto bado lazima avae na abebe daftari. Chakula cha mavuno ya nyuma kinapungua, na masika hayajafika. Baba au mama mwenye mtoto wa kupeleka shule na asiye na mbuzi wa kuuza hutazama kitu kimoja kinachoweza kugeuzwa fedha kwa wiki moja: mti, kwa njia ya mkaa. Mnunuzi yuko Mugumu, na zaidi ya Mugumu. Kwa hiyo katika mwezi ule ule tuliokuwa tunapanda kwa ngoma, ndipo kijiji kilipokuwa na sababu kubwa ya kukata kimya kimya. Kada anayemhubiria mtu huyo juu ya mabadiliko ya tabianchi, bila kuzungumzia sare za shule, anafanya udhanifu mtupu. Matumizi bora ya ardhi yanaanzia kwenye bajeti ya kaya. Chama cha akiba na mikopo cha wanawake kinachogawa fedha Desemba, mizinga ya nyuki, jiko linalotumia kuni tatu mahali pa sita, kila kimoja cha hivyo kina uwezo wa kuokoa mti katika mwezi huo wenye hatari. Hotuba yangu haikuwa na uwezo huo.

Kuna jambo la aina ya miti pia, ingawa nalitaja kwa kifupi kwa kuwa wataalamu wapo. Tulipanda mikaratusi hata kando ya vijito kwa kuwa inakua haraka na inapendeza kwenye taarifa. Mkaratusi hunywa maji mengi, na kuuweka kwenye chanzo cha maji ni kumkaribisha mlevi kwenye mtungi. Mikuyu na miti mingine ya asili inayokaa vyema kwenye maji wazee waliitaja tangu mwanzo. Haikuwa kwenye vitalu kwa sababu hakuna aliyewaagiza waiotesha.

Miaka michache iliyopita nilipelekwa tena Serengeti kwa semina, na safari hii niliomba siku ya kupanda isiandikwe kwenye ratiba. Tulianza na mkutano. Nilieleza kwa ufupi historia hii, kisha nikanyamaza, jambo ambalo kwa mkufunzi ni gumu kuliko kusema. Walizungumza kwa saa nyingi, na wanawake walizungumza kuliko nilivyotarajia, kwa kuwa habari ya kuni na maji ni yao kabla haijawa ya mtu mwingine. Walibishana sana juu ya mbuzi. Wengine walitaka korongo la juu lifungwe lote, wengine walisema vijana wa kuchunga watapita wapi. Mzee mmoja alikumbusha mahali ambapo zamani hapakukatwa mti, na kijana mmoja akauliza kwa nini basi pamekatwa. Mzee akajibu kwamba mwaka 1974 waliondolewa hapo, na waliporudi kila mtu alidhani mwenzake ndiye mlinzi.

Siku waliyoichagua wenyewe ilikuwa katika wiki ya pili ya masika. Nilipoomba kuona muhtasari wa mkutano, nilitafuta idadi ya miche kama nilivyozoea. Haikuwamo. Ajenda ya kwanza iliyoandikwa ilikuwa orodha ya kaya zitakazofunga mbuzi hadi mwisho wa Mei, kwa majina na kwa zamu, na ya pili ilikuwa nani ataulizwa mbuzi wakionekana korongoni.